Bwate Otomatiki, na Kwa Nini Sishuki

Bunia, Jumatano. Mvua tangu muchana, ile mvua ya kupiga bati mpaka mutu hasikii hata jina yake. Moyo yangu iko chini kabisa.

Shajara yangu, leo nakuandikia na telefone, nikiwa nimekaa kwa volan, usukani wa gari ambayo haitembei, katikati ya garaji ya fundi wangu Tonton Ngabu, chini ya bashi, turubai yenye kuvuja. Motere inanguruma, magurudumu imelala. Nilisema sishuki, na bado sijashuka.

Najua benye kusoma hii blogu batacheka. Mama muzima, mwenye mutoto wa sekondari, Neema, amefunga milango ya gari kwa ndani kama mutoto mwenye kukatala kuoga. Mucheke tu. Mimi nilishamaliza kulia, ndiyo maana naweza kuandika.

Kwa yule ambaye ananisoma mara ya kwanza: mimi ni shofere wa taksi hapa mujini. Muguu yangu ya kushoto iliguswa na polio nikingali natambaa. Iko, naiona, naivalisha kiatu kama ile ingine, lakini haina nguvu ya kukanyaga kitu. Na gari ya manwele, ile ya kubadilisha gia na mukono, inaomba muguu ya kushoto kila dakika, juu ya ambreyaji, pedali ya klachi. Otomatiki haina ile pedali. Muguu ya kuume peke yake inafanya kazi yote, inakanyaga mafuta, inakanyaga fre ya kusimamisha, basi.

Njo maana bamama wa soko bananiita Mama Otomatiki.

Tulinunua hii gari Ariwara, mimi na bwana yangu Papa Neema. Ni muzee, volan yake iko kuume sababu ilitokea upande wa Uganda, na milango ya nyuma inafunguka ikipenda. Batu walitucheka. Walisema bwate otomatiki, ile chuma ya chini yenye kubadilisha vitesi, gia, yenyewe, ni ugonjwa wa kujinunulia, hakuna fundi wa kuijua Bunia. Mimi sikusikia mutu. Ile siku ya kwanza nilipoiendesha peke yangu mpaka soko kuu, nilisimama pembeni ya barabara nikapiga volan na mikono nikicheka kama mulevi.

Mbele, gari ikiwa haijakuja, nilikuwa na meza. Meza ndogo kwenye mulango ya parseli, kiwanja yetu, naweka unga ya muhogo na kadi za unite za telefone. Mutu akija kununua, macho yake inaanza kwa fimbo yangu, kiisha inashuka kwa muguu, kiisha njo inafika kwa unga. "Pole, mama." Kutwa nzima pole. Hata mwenye kukopa na harudi alikuwa ananiachia pole.

Ndani ya gari hakuna mutu ananiambia pole. Bananiambia, "Mama Otomatiki, kwani tuko kwa kilio? Ongeza mwendo!" Banabishana na mimi juu ya magunia yao ya makala, mukaa wa kupikia, juu ya kuku yao yenye kuchafua kiti, juu ya nani ashuke wa kwanza. Nafurahi sana kugombezwa. Sikujua mbele kama hiyo pia ni kitu mutu anaweza kukosa.

Sasa ugonjwa. Tangu musimu wa mvua uanze, nikitia D, ya kwenda mbele, gari inafikiri kwanza. Inakaa, inakaa, kiisha inashituka ndiyo inaenda. Nikipanda upande wa Mudzi Pela na muzigo, motere inalia juu, gari inabaki chini. Wiki iliyopita nilikuwa na mama moja wa upande wa Kpandroma, yule alikimbia vita na watoto na sasa anauza makala hapa. Aliyoyaona huko hayaandikwi. Na huyo mama, gari ilipoanza kurudi nyuma kidogo kwenye mupando, aliniambia polepole, "Mama, niache hapa, nitapanda na miguu." Niliona haya mpaka masikio ikapata moto.

Nikaenda kwa Ngabu. Ni mutu mwema, ametengeneza nusu ya magari ya huu muji. Alichomoa kijiti ya kupimia mafuta ya bwate, akanusa, akakunja uso.

"Mama Neema, hii mafuta imeungua. Lakini usiiguse."

"Imeungua na nisiiguse?"

"Bwate muzee hivi inashikiliwa na ile ile uchafu yake. Ukiitolea, itaachia yote."

Nilisoma kwa telefone mpaka macho ikauma. Mumoja anasema badilisha, mwingine anasema ukibadilisha utajuta. Wa tatu anasema muombe Mungu. Mimi nilichoka kuomba kila mulima unihurumie. Nikasema tufanye vidanji, tutoe mafuta yote tutie mpya.

Mimi njo nilisema. Naiandika hapa ili mutu asiniulize.

Leo asubuhi tukafanya. Alifungua chini, mafuta ikatoka nyeusi, na harufu kama maharagi yenye imeshika chini ya sufuria. Akasafisha, akafunga, akatia mafuta mpya, nyekundu, nzuri ya kuangalia. Akawasha motere izungushe mafuta. Kiisha akazima, akaacha ipumzike, tukakula sambusa. Ndivyo tunapimaka huku, motere yoyote. Unazima, unaacha mafuta ishuke, unapanguza kijiti, unachovya. Wote wanafanya hivyo, na wenye kuwafundisha walifanya hivyo.

Mafuta ilikuwa imepita alama, mbali.

"Mingi sana hii," akasema. "Mafuta mingi inaua bwate." Akalala chini tena, akatoa kidogo, akapima, akatoa tena, mpaka ikafika kwa alama sawasawa, bila kupita hata kidogo. Ile ya ziada akaichunga ndani ya bidon safi, sababu Ngabu si mutu wa kumwaga mafuta mpya.

Nikakaa kwa volan. Nikawasha. Nikatia D.

Hakuna.

Nikatia R, ya kurudi nyuma. Hakuna. Nikarudisha D, nikakanyaga mafuta, motere ikalia mpaka kuku za jirani zikakimbia. Gari haikutikisika hata kama mutu mwenye usingizi anavyotikisika ukimwita.

Ngabu hakuniambia "nilikwambia". Alitupa kitambaa yake juu ya bega, akaangalia upande wa barabara. Ingekuwa afazali anigombeze.

Papa Neema akafika na moto, pikipiki ya kulipia, mvua ikianza. Walisimama nyuma ya gari wakazungumza, wakifikiri mimi ndani, vioo vimefungwa, sisikii. Ngabu anasema kuna mwenzake wa garaji ingine, ana bwate ya manwele, imetoka kwa gari kama hii iliyoanguka njia ya Bogoro. Itaingia bila matata. Wataongeza pedali, wataongeza kamba ya ambreyaji, kwisha. Ndivyo inafanyikaka hapa Bunia, otomatiki ikikufa, unaitupa, unatia manwele, na watu wanakupongeza.

Na bwana yangu, shajara yangu, bwana yangu hakufikiri hata kwa muda wa kumeza mate.

"Bon. Gari itembee tu, hiyo njo ya maana. Justin ataendesha."

Justin ni mudogo wake, analala kwetu. Iko na permi ya kuendesha, haiko na kazi. Hilo jina ilitoka haraka sana. Ilitoka kama kitu ilikuwa inakaa ndani ya kinywa siku mingi, inangoja mulango ifunguke.

Nikashusha kioo. "Na mimi?"

Alikuja karibu, akaniwekea mukono kwa bega, na upole wote. "Weye utapumzika, Mama Neema. Umechoka mingi."

Nitapumzika! Nani alimwambia nimechoka? Nimechoka na milima, nimechoka na askari wa barabara, sijachoka na gari! Mutu anakufukuza kazi na anakuambia ni zawadi. Nilitaka kuuma ule mukono.

Wakaenda wote wawili kuangalia ile manwele. Wakirudi nayo, watasukuma gari mpaka juu ya shimo na watafungua. Ndipo nikafunga milango. Wakitaka kutoa bwate, wataitoa na mimi nikiwa juu.

Siandike uongo, Papa Neema si mutu mubaya. Alinioa na hii muguu, mashangazi zake wakisema mingi, na hakuwahi kunitupia neno. Hiyo njo inaniua. Angekuwa mubaya ningepata nguvu ya kumuchukia. Ni mutu mwema, na amenimaliza na sentensi moja, kiisha akaomba moto imungoje.

Naogopa ile meza.

Iko bado nyuma ya nyumba, tunawekea masufuria. Nimeiona asubuhi hii nikitoka, sikufikiri kitu. Sasa naiona hapa mbele ya kioo, na kiti yake, na mimi juu yake, nazeeka, na Justin anapita na gari yangu akipiga honi kunisalimu. Atapiga, namujua. Ni kijana mwenye heshima.

Mungu yangu, nitaishi namna gani?

Mvua haipunguki. Sijazima motere, sababu betri imechoka, na otomatiki ikizimika na betri imekufa, hata musukume mpaka ziwani haiwake. Nikizima hapa, nimekwisha. Kwa hiyo inanguruma bule, inakula petroli bule, kama mimi.

Ngoja.

Nashuka kidogo. Narudi.

Nimerudi, nitaandika haraka. Nilishuka sababu sikuweza kukaa tu. Nilifungua kapo, mufuniko ya motere, fimbo kwa kwapa, motere ikiwaka, na nikachomoa ile kijiti. Sikuwa natafuta kitu. Ni kama vile mutu anafungua sufuria akijua hakuna chakula.

Ilitoka kavu.

Kavu kabisa! Nikaipanguza, nikaichovya tena, nikaichomoa. Kavu. Ile ile kijiti Ngabu aliipima mbele ya macho yangu, mafuta sawasawa kwa alama. Na hakuna tone hata moja chini ya gari, nimeinama nimeangalia mpaka nguo ikalowana.

Basi mafuta iko wapi?

Nimesimama pale na mvua kwa mugongo nikifikiri, na nimefikiri hivi. Motere ikilala, mafuta inashuka yote chini, unaiona mingi. Motere ikiamuka, bwate inaivuta juu, inajijaza nayo, na chini inabaki kidogo. Leo imebaki chini hakuna kitu. Ngabu alipima bwate ikiwa imelala, akaona mingi, akaipunguzia. Haijakufa, ina njaa!

Ama mimi ni mutu mwenye kutafuta uongo wa kujifariji. Pia inawezekana. Sina mutu wa kuuliza, rezo ya telefone imekatika na mvua.

Bidon ya mafuta ya ziada iko pale kwa ukuta, Ngabu ameifunika vizuri. Kama namwaga ndani na nimejidanganya, basi nitakuwa nimeua bwate mara mbili kwa siku moja, na mbele ya wote nitanyamaza mpaka kufa.

Naenda kumwaga.

Sasa naandika nyumbani. Jioni. Mvua imebaki ya kudondoka tu.

Nilimwaga kidogo kidogo, na ile chupa Ngabu amekata na kutia mupira wa kupitishia mafuta, kupitia kwa tundu ya kijiti. Nikarudi kwa volan. Nikakanyaga fre, nikapitisha levye ya vitesi polepole, P, R, N, D, nikarudi, nikaenda tena, ili ikunywe pande zote. Nikashuka, nikapima. Chini ya kijiti, alama ndogo nyekundu. Nikamwaga tena. Nilikuwa nasema naye, sioni haya kuandika. "Kunywa, mama. Kunywa, nakuomba. Usiniachie hapa."

Nikatia D na macho nimefunga.

Ikashituka. Ikanishika mugongo. Na ikaenda!

Nililia na sauti. Nilitoka pale garaji nikilia, vipanguza-kioo inakwenda huku na huku, na kwenye mulango nikakutana nao wanarudi. Ngabu mbele na moto, ile manwele imefungwa nyuma yake na kamba, Papa Neema na moto ingine. Wote wawili wakasimama ndani ya matope na kinywa wazi.

Ngabu hakuuliza maswali mingi. Nilimwambia nimepima ikiwaka. Akafungua kapo pale pale barabarani, akachomoa kijiti motere ikinguruma, akaangalia. Akaniomba nizime. Nikamwambia betri. Akasema atanipa yake, nizime. Nikazima, tukangoja, akapima tena, na mafuta ilikuwa imepanda juu ya alama, mbali, kama asubuhi.

Alikaa chini, juu ya ile chuma ya manwele yenyewe, mvua inamupiga.

"Mama Neema," akasema, "sasa mimi nimetupa bwate ngapi zenye zilikuwa zima?"

Nilifikiri magari yote ya huu muji yenye alitia manwele, watu wakimupongeza. Nilitaka kumukasirikia, nikashindwa. Alinipa betri yake na hakuomba kitu.

Papa Neema alinikumbatia. Kweli, mbele ya watu, na matope yote. "Imekubali! Mungu ni mukubwa." Na macho yake ilikuwa na furaha ya kweli, siwezi kusema uongo. Nilikuwa nimeanza kumusamehe, nilikuwa nimefika nusu ya njia. Kiisha akafungua nyuma ya gari yangu, akainua ile manwele na Ngabu, wakaitia ndani.

"Hiyo ya nini tena?" nikauliza.

"Tumeshaichukua. Itakaa akiba."

Niliendesha mpaka nyumbani na ile kitu inagonga nyuma yangu kwa kila shimo. Gari ilipanda vizuri, bila kufikiri, bila kulia. Ingekuwa siku nzuri ya maisha yangu.

Sasa iko hapa ndani. Nje wezi wataiiba, akasema, na kutu. Ameiweka nyuma ya mulango ya sebule, kila mutu anayeingia anaigonga na muguu. Kiisha akatafuta kikwembe yangu moja ya zamani, akaifunika, akaingiza ncha za nguo chini, polepole, pande zote, baridi isiipate. Mimi nikiwa na homa hajanifunikaka vile.

"Papa Neema," nikamwambia, "hii itoke ndani ya nyumba yangu."

"Ni akiba tu, Mama Neema."

"Akiba ya nani?"

Aliangalia sahani. Akasema mboga ya sombe inapoa.

Neema yuko anasoma somo yake kwa taa, miguu yake ameiweka juu ya ile kitu iliyofunikwa, kama kiti. Amezoea haraka. Wote watazoea. Mwaka ujao watasahau ni nini, watajua tu iko pale, siku ile bwate yangu itakohoa mara moja, mutu atanyoosha mukono nyuma ya mulango. Na bwate yangu ni muzee, itakohoa. Sijidanganye.

Siwezi kulala kila siku nyumba moja na chuma yenye kungoja nianguke.

Basi nimekata shauri, na naiandika hapa ili kesho nisijifanye nimesahau. Asubuhi, mbele sijabeba kiliya, muteja hata mumoja, nitawasha, nitapima ikiwaka, nitatia D. Kama baridi ya asubuhi itaikatalia, sijui, nitakaa tena ndani na milango imefungwa, labda mpaka Jumapili. Lakini kama itashika, muzigo yake ya kwanza ni hiyo manwele. Naipeleka kwa mwenyewe kule garaji ingine. Arudishe pesa, asirudishe, atajua mwenyewe. Iende kwa mutu mwenye miguu mbili.

Ni nzito, siwezi kuiinua peke yangu. Nitamuamsha Justin anisaidie kuitia ndani ya gari, na nitamwambia yeye mwenyewe tunaipeleka wapi.